Harvey Littleton, Gololi za Toledo na Vioo vya Nakuru

Sanaa ya kioo inayojaza kumbi za maonyesho duniani leo iliokolewa na gololi. Sitii chumvi. Machi 1962, kwenye gereji iliyokuwa katika uwanja wa Makumbusho ya Sanaa ya Toledo, jimbo la Ohio, wafinyanzi wachache walizunguka tanuri dogo walilolijenga wenyewe wakisubiri mchanganyiko wao uyeyuke wapate kioo cha kupuliza. Ulikataa. Kilichopatikana hakikufaa kitu. Ndipo Dominick Labino, mtafiti wa kampuni ya Johns-Manville aliyekuwa amealikwa kusaidia, akashauri waache ule mchanganyiko na watie tanurini gololi za kioo zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kuvutwa kuwa nyuzi za kioo. Zilijulikana kwa namba tu, 475. Zikayeyuka zikawa laini, zikashika kwenye bomba la kupulizia. Mzee mmoja mstaafu, Harvey Leafgreen, aliyewahi kupuliza kioo katika kiwanda cha Libbey papo hapo mjini, akachukua bomba na kuwaonyesha jinsi linavyoshikwa, linavyozungushwa na linavyopulizwa.

Aliyewaita watu hao pale alikuwa mwalimu wa ufinyanzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aitwaye Harvey Littleton. Nimeisoma na kuifuatilia kazi yake kwa miaka mingi kuliko ya msanii mwingine yeyote wa nje, nami nafundisha sanaa katika shule ya sekondari hapa Nakuru, mahali ambapo hakuna tanuri la kioo hata moja ninalolijua. Wenzangu huniuliza inanihusu nini. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa yeyote anayefundisha kitu ambacho vifaa vyake haviko.

Littleton alizaliwa mwaka 1922 huko Corning, New York, mji ulioishi kwa kioo. Baba yake, Jesse Littleton, alikuwa mwanafizikia katika kiwanda cha Corning Glass Works. Mwaka 1913, kabla Harvey hajazaliwa, mama yake Bessie alikuwa na chombo cha udongo cha kuokea kilichopasuka jikoni, akamwomba mumewe amletee kitu cha kiwandani kinachostahimili moto. Mume akaja na kitako cha mtungi wa betri, kioo kigumu kilichotengenezwa kwa matumizi ya reli na betri. Bessie akaokea keki ndani yake. Kioo hakikupasuka na keki ilitoka vizuri. Miaka miwili baadaye kampuni ikaanza kuuza vyombo vya Pyrex.

Kisa hicho hutajwa kama historia ya vyombo vya jikoni. Mimi hukisoma kama chanzo cha mtoto wao. Katika nyumba ile kioo kilikuwa kitu kinachoweza kutolewa kiwandani, kikaletwa mezani na kujaribiwa na mtu asiye na cheo chochote. Harvey aliishi maisha yake yote akikirudia kitendo kile cha mama yake kwa njia mbalimbali.

Baba alitaka mwanawe awe mwanafizikia, na kweli kijana alianza fizikia katika Chuo Kikuu cha Michigan. Lakini mkono ulikuwa umeshaelekea kwingine. Mwaka 1942, akifanya kazi ya likizo kiwandani Corning, alifinyanga kiwiliwili cha binadamu kwa udongo kisha akakitoa kwa kioo cheupe. Vita vikamchukua, akatumwa Afrika Kaskazini, Italia na Ufaransa. Aliporudi alimaliza shahada ya usanifu wa bidhaa, kisha akaenda chuo cha Cranbrook kusomea ufinyanzi chini ya Maija Grotell, mwanamke mzaliwa wa Ufini aliyeheshimika sana katika fani hiyo. Mwaka 1951 akaajiriwa Wisconsin kufundisha vyungu.

Kwa nini mtu aliyelelewa na kioo aishie kwenye udongo? Kwa sababu wakati huo kila mtu aliamini kwamba kioo hakifanyiki na mtu mmoja. Kilikuwa kazi ya kiwanda. Msanifu alichora kwenye karatasi, karatasi ikapelekwa kwa mafundi, mafundi wakapuliza kwa makundi mbele ya tanuri lisilozimwa mwaka mzima. Msanifu hakugusa bomba na fundi hakutia neno kwenye mchoro. Mfinyanzi, kwa upande wake, alikuwa na gurudumu lake, udongo wake na joko lake nyuma ya nyumba. Littleton alijiuliza kwa nini kioo kisiwe vivyo hivyo. Mwaka 1957 alipopata likizo ya utafiti akaenda Ulaya, akafika Murano, kisiwa cha Venice ambako mafundi wa kioo walihamishiwa tangu mwaka 1291. Huko aliona kazi ikifanywa na makundi madogo kwenye matanuri yasiyo makubwa kama ya Corning. Akarudi shambani kwake Wisconsin akaanza kuyeyusha kioo kwenye vyungu alivyovitengeneza mwenyewe. Warsha mbili za Toledo za mwaka 1962, ya Machi na ile ya Juni, zilitokana na majaribio hayo.

Hapa lazima nimtaje baba yangu, maana bila yeye nisingemwelewa Littleton.

Baba alikuwa fundi wa vioo Kibuye, Kisumu. Meza yake ilikuwa imefunikwa kwa blanketi kuukuu ili kioo kisikwaruzike. Ukija na kipimo cha dirisha lako kwenye kipande cha karatasi, alilaza bamba la kioo, akaweka rula ya mbao, akachovya kikatio kwenye mafuta ya taa na kukivuta mara moja tu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, bila kusita na bila kurudia. Mkwaruzo uliobaki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ulilazimika kuinama kwenye mwanga ndipo uuone. Sauti yake ndiyo iliyomwambia kama mstari umekubali: ikiwa ni mvumo mmoja laini, vema, ikikatika, hilo bamba litavunjika linakotaka lenyewe. Kisha alilisogeza mpaka mkwaruzo ukae sawa na ukingo wa meza, akashika upande ulioning'inia na kuubonyeza chini kidogo. Tak. Vipande viwili, kingo zimenyooka.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kikatio ndicho kinachokata. Hakikati. Kioo kina nguvu kubwa ajabu kikibanwa, lakini hakistahimili kuvutwa. Mkwaruzo ni jeraha dogo la juu juu. Ukikipinda kioo, uso wa juu unavutwa, na mvuto wote unakusanyika pale kwenye jeraha. Ufa unaanzia hapo na kushuka mpaka chini. Baba hakuwahi kuyaeleza kwa maneno haya, lakini mikono yake iliyajua. Tabia hiyohiyo ndiyo inayomtesa anayefanya kazi na kioo cha moto. Kipande kikipoa haraka nje huku ndani bado ni moto, sehemu moja inabaki ikiivuta nyingine, na kinaweza kukaa kabatini siku kadhaa kisha kikapasuka bila kuguswa. Ndiyo maana kioo kilichopulizwa huwekwa kwenye joko la kupozea, nyuzi joto mia tano na kitu za Selsiasi, kikashushwa polepole kwa saa nyingi, na kikiwa kinene huhitaji siku kadhaa. Ndiyo maana pia huwezi kuyeyusha chupa ya soda pamoja na kioo cha dirisha ukatarajia mema: kila kimoja hujikunja kwa kiasi chake kinapopoa, na pale vinapoungana ndipo vinapogombana. Mtu anayetaka kuanza na chupa za kuokota anapaswa kulijua hili kabla ya kitu kingine chochote.

Basi Littleton akarudi chuoni akiwa na ushahidi kwamba tanuri dogo linawezekana. Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimwite mwalimu kwanza, mchongaji baadaye. Wengine wangejifungia na siri waliyoipata. Yeye alianza mara moja kuwafundisha wanafunzi kwenye karakana ya shamba lake karibu na mji wa Verona, kabla chuo hakijalikubali somo lenyewe rasmi, kisha akakisukuma chuo mpaka kikalikubali. Mwanafunzi hakuja kupuliza tu. Alijifunza kujenga tanuri, kuweka matofali, kufunga kichomea gesi, na kutengeneza joko la kupozea. Akihitimu, alikuwa na uwezo wa kwenda mahali pasipo na chochote na kuanzisha.

Nao walienda. Marvin Lipofsky alianzisha somo la kioo Berkeley, California, mwaka 1964. Sam Herman alivuka bahari akapeleka mbinu hiyo London katika Royal College of Art, na baadaye Australia. Audrey Handler akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kushika bomba katika harakati hizo, kazi iliyodhaniwa kuwa ya wanaume pekee. Dale Chihuly, aliyefika Wisconsin mwaka 1966, alifundisha Rhode Island na mwaka 1971 akashiriki kuanzisha shule ya Pilchuck katika msitu wa jimbo la Washington. Hata watu wasiofuatilia sanaa wamewahi kuona picha za kazi za Chihuly, yale maumbo ya rangi kali yanayoning'inia kama mwani wa baharini. Mwanafunzi amemzidi mwalimu wake kwa umaarufu mara elfu, na sidhani kama hilo lilimuumiza mwalimu. Mpango wenyewe ulikuwa huo.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kioo wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972 Littleton alisema kwamba mbinu ni kitu rahisi kupatikana. Waliomsikia vibaya walimchukulia kuwa anadharau ufundi. Alichokusudia, kama ninavyomwelewa, ni kwamba mbinu zimo vitabuni na kwa mafundi, yeyote anaweza kuzifuata. Kinachokosekana ni mtu mwenye jambo la kusema. Nakubaliana naye nusu. Vipande vingi vya miaka ile ya mwanzo ni vizito, vimepinda, vina mapovu, kwa sababu waliovifanya walikuwa wanajifunza gizani. Mwaka 1979 Lino Tagliapietra, bingwa kutoka Murano, alipofika Pilchuck na kuanza kufundisha yale ambayo kisiwa chake kilikuwa kimeyaficha kwa karne nyingi, Wamarekani walishika vichwa. Mbinu haikuwa rahisi hata kidogo. Mtu alikuwa ameileta akaitoa bure. Lakini angalia vilevile: kama Littleton hangeanzisha matanuri yale mabovu, Tagliapietra angekuja kufundisha wapi?

Kwa upande wa kazi zake mwenyewe, mimi navutiwa na hatua mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1963, alipovunja chombo alichokwisha kukipuliza, akakirudisha motoni na kukisaga. Kilichotokea hakikuweza kushika maji wala ua, wala hakikumpendeza mke wake. Baadaye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yakakinunua. Kuanzia hapo akaanza kuachana na chombo. Mtu aliyefundisha vyungu kwa zaidi ya miaka kumi aliamua kwamba kioo hakihitaji kuwa na tumbo wala mdomo ili kiwe na haki ya kuwepo.

Hatua ya pili ni ile ya miaka ya 1970 na 1980, matao na mapinde yake. Hebu kitazame kimoja kwa karibu, hata kama ni pichani. Ni fimbo nene ya kioo angavu kabisa, na ndani yake mna tabaka za rangi, moja ndani ya nyingine, nyekundu imevikwa kahawia, kahawia imevikwa kitu kisicho na rangi. Aliikusanya ikiwa moto, tabaka juu ya tabaka, kisha akaiacha ivutike na kuanguka kwa uzito wake mwenyewe, akaikata ilipopoa. Ukiangalia pale ilipokatwa unaona duara za rangi zimepangana. Ukiangalia ubavuni unaona rangi inakimbia ikielekea mwisho wa tao, inakuwa nyembamba, inakatika. Hapo hamna mchoro uliochorwa juu ya kioo. Umbo ni rekodi ya namna kioo kilivyotiririka kabla hakijaganda. Baba yangu, ambaye aliishi akikijua kioo kama bamba bapa lenye milimita nne, niliwahi kumwonyesha picha hizi kwenye simu. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Hicho kinene hivyo wamekipoza vipi?" Ni swali la fundi, na ndilo swali sahihi.

Sasa turudi huku kwetu.

Nakuru ni mji uliokaa juu ya kioo. Panda vilima vya Eburru, au tembea maeneo ya Gilgil na Elmenteita, utakuta vipande vyeusi vinavyong'aa vimetapakaa ardhini. Hiyo ni obsidiani, kioo cha asili, lava yenye silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, iliyopoa upesi bila kupata nafasi ya kuwa mawe ya kawaida. Watu wa kale waliigonga wakapata visu vyenye makali kuliko chuma. Kariandusi, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, kuna mashoka ya mkononi ya enzi za mbali sana, na baadhi yake ni ya obsidiani. Hyrax Hill, ambayo mtu wa Nakuru anaweza kuifikia kwa bodaboda, ilichimbuliwa na Mary Leakey kuanzia mwaka 1937, na zana za obsidiani zikatoka huko pia. Baadaye sana, wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa walikuwa na chimbo walilolipenda zaidi juu ya Eburru, na mawe ya chimbo hilo yamepatikana hadi Gogo Falls, huko Migori, mwendo wa karibu kilomita 200. Nyanza na Nakuru ziliunganishwa na kioo maelfu ya miaka kabla ya reli.

Na malighafi ya kioo cha kutengenezwa nayo ipo. Kioo cha kawaida ni mchanga wa silika kwa karibu asilimia 70, soda kwa asilimia 15 hivi, chokaa, na vitu vidogo vingine. Silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi, moto ambao hakuna karakana ndogo inayoumudu. Soda ndiyo inayoushusha. Soda hiyo inachimbwa Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100 na kuuzwa kwa viwanda vya kioo ng'ambo. Ni ndugu ya ileile magadi ambayo mama zetu Kisumu na Busia hutia kwenye kunde na mrenda ili zilainike. Waluhya wana munyu musherekha, majivu ya maganda yaliyochujwa kwa maji, yenye potasi; mafundi wa Bohemia nao walichoma miti ya misituni wakachuja majivu yake wakapata potasi ya kuyeyushia kioo. Elimu ilikuwa jikoni kwetu na jikoni kwao.

Kilichokosekana si mchanga wala soda. Kilichokosekana ni lile tanuri dogo na mtu wa kulifundisha. Viwanda vya chupa vipo Nairobi na Mombasa, lakini mwanafunzi wangu hawezi kwenda kiwandani akaomba bomba. Kwa kupuliza kioo kama sanaa, mahali pa kwenda kuona ni Kitengela, ambako Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha kazi za vioo vya rangi, na mwanawe Anselm Croze anaendesha karakana ya kioo cha moto inayotumia vioo vilivyokwisha kutumika. Waliofika pale watanielewa. Unaweza kusimama mita chache kutoka kwenye tanuri na kuona kioo cha dirisha, kilekile alichokuwa akikikata baba yangu, kikitoka kwenye bomba kikiwa chungwa na laini, kinazungushwa, kinakuwa glasi ya kunywea. Mtoto akishaona hilo hawezi tena kudhani kwamba glasi huzaliwa dukani.

Lakini Kitengela ni mbali na Nakuru, na Kisumu ndiyo usiseme. Tanuri la kioo halizimwi jioni likawashwa asubuhi; linakula mafuta au gesi usiku na mchana. Shule ya umma haiwezi. Nimeliwaza jambo hili sana, hasa sasa ambapo sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo na wanafunzi wanakuja na hamu ya vitu vya kushika kwa mikono. Na jibu nililipata kwenye sehemu ya maisha ya Littleton ambayo watu huipita haraka.

Mwaka 1976 aliacha kufundisha chuoni, akahamia Spruce Pine, kwenye milima ya North Carolina. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, ukazidi kumsumbua, na kufikia mwaka 1990 akawa ameacha kioo cha moto kabisa. Aliishi hadi Desemba 2013. Wanaoandika juu yake huishia na yale matao. Lakini tangu mwaka 1974 alikuwa ameshagundua jambo jingine: kwamba bamba la kioo likipigwa mchanga kwa mashine linaweza kuchapisha picha. Unafunika sehemu usizotaka ziguswe, unapuliza mchanga kwa nguvu, sehemu zilizo wazi zinakwaruzika na kuwa na vijishimo. Unapaka wino wa mafuta, unaufuta juu ukabaki kwenye vijishimo, unalaza karatasi nzito yenye unyevunyevu na kupitisha vyote kwenye mashine ya kuchapia ya rola. Aliiita vitrografia. Akaanzisha karakana, akaalika wachoraji na wachongaji wengine waje kujaribu, wengi wao wakiwa hawajawahi kufanya kazi na kioo. Mwalimu hakustaafu.

Watu husikia hivyo wakashangaa kwamba kioo hakivunjiki kwenye mashine. Kumbuka meza ya baba yangu. Kioo hakistahimili kuvutwa, lakini kikibanwa kina nguvu ajabu. Kikilazwa juu ya kitanda kilichonyooka kabisa, rola inakibana tu, haikipindi. Tena kina faida ambazo bamba la shaba halina: hakichakai kwa kufutwafutwa, na hakiharibu rangi ya wino, kwa hiyo njano inabaki njano. Na kwa kuwa unaona upande wa pili, unaweza kuweka mchoro wako chini yake na kuufuata.

Sasa tazama mji wetu. Tembea Kenyatta Avenue uangalie milango ya ofisi na benki: vioo vimepigwa mchanga, jina la kampuni limebaki jeupe kama ukungu. Mafundi wanaofanya kazi hiyo wako Nakuru, wako Kisumu, wako Eldoret. Stika ya vinili wanayokatia herufi za matangazo ndiyo kinga anayoihitaji mchoraji. Hata bila mashine ya mchanga, msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi wa magari, ukisuguliwa kwenye kioo huacha kijivu kinachoshika wino. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike, mkimya darasani, alichukua kipande cha dirisha na msasa akachora mikono ya nyanya yake ikichambua maharagwe. Makunyanzi aliyafanya kwa msasa mkali, ngozi iliyolainika kwa msasa laini uliokaribia kuisha. Tulikichapisha kwa kusugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Sehemu nyeusi zaidi ilikuwa kivuli kati ya dole gumba na kiganja, na pale wino ulikuwa mzito kiasi cha kuhisiwa kwa kidole. Nilimwambia asimamie kazi hiyo aieleze kwa wenzake, akaieleza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kijiko kina mwisho wake. Kinachotakiwa ni mashine ya rola, na hiyo haihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi wa kuchomelea huku mtaa wa Shabab, hapa Nakuru, ameshakubali kuijenga: mabomba mawili mazito ya chuma, beringi, mkono wa kuzungusha, na kitanda cha bamba nene. Tunabishana juu ya kitanda. Yeye anasema chuma alichonacho kimenyooka vya kutosha. Mimi namwonyesha mwanga unaopita chini ya rula. Kitanda kikiwa na mbonyeo hata mdogo, kioo kitapindwa, na kikipindwa kitapasuka pale palipokwaruzwa na mchoro wenyewe. Amekubali kukisaga.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa wenye maduka ya vioo wa Nakuru na Kisumu mnaosoma hapa: yale mabaki ya milimita 10, ya meza na ya milango ya maduka, msiyatupe. Yawe makubwa kuliko daftari, yasiwe ya kioo kilichokazwa kwa moto kwa sababu hicho hatuwezi kukikata wala kukisaga kingo. Tutakuja kuyachukua wenyewe, tukiwa na blanketi za kuyafungia.